Mpera, jakaranda, mkaliptusi au mulombwa: upi unatoa upinde wa shabaha hapa Lubumbashi?

Ruashi_Mbao

Bakubwa, jambo yenu.

Nataka kutengeneza pinde tatu za mti kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 wanaojifunza kupiga shabaha. Mvuto, yaani umbali wa kuvuta upote (uzi wa upinde), ni sm 66 na uzito wa kuvuta usipite kilo 16. Maelezo yote ninayokutana nayo yanataja yuu wa Ulaya au osage wa Marekani, na miti hiyo hapa kwetu hakuna. Iliyopo ni hii:

Mpera: shina limekatwa wiki mbili zilizopita kwenye kiwanja kimoja Katuba, unene sm 11. Sehemu iliyonyooka kabla ya pacha ni sm 90 tu. Gome bado lipo.

Jakaranda: matawi yaliyopunguzwa kando ya barabara, yamelala chini tangu mvua zilizopita.

Mkaliptusi: nguzo ya mita 3, unene sm 9, ina miezi mitano tangu ikatwe.

Mulombwa (mninga): ubao mkavu kutoka kwa menizye (seremala), sm 180 kwa 6 kwa 2.5.

Upinde wa kwanza wa jakaranda umeshakatika. Ulikuwa na urefu wa sm 160, upana sm 3.5, unene sm 1.8 karibu na mshikio. Ulifika mvuto wa sm 48 ukavunjika mkono wa juu wa upinde, sm 22 kutoka mshikio. Mvunjiko ni mfupi na bapa, hakuna nyuzi ndefu, na ndani kuna mistari myembamba myeusi.

Naomba kujua: mti gani uachwe, mti gani ufuatwe, vipimo vya kuanzia, na namna ya kukausha mpera kabla mvua hazijarudi.

---

Yaya_Kamalondo

Ndugu Ruashi, asante kwa kueleza mvunjiko ulivyo. Wengi huandika "umekatika" tu, na hapo hakuna la kujibu.

Jakaranda yako ilikuwa imekwisha kabla hujaigusa na shoka. Mistari myeusi ndani ya mti mweupe ni mipaka ya kuvu. Tawi lililolala juu ya udongo mvua nzima huanza kuliwa ndani wakati kwa nje linaonekana zima. Mti mzima ukivunjika huchanika vipande virefu vyenye manyuzi, kama muwa uliokunjwa kwa nguvu. Mti ulioliwa hukatika papo hapo kama muhogo mkavu. Hayo matawi mengine yapeleke mbabulani (jiko la makaa). Usijaribu hata moja mikononi mwa mtoto.

Lakini hata jakaranda nzima isingevumilia upana ule. Ni mti mwepesi, na mti mwepesi unahitaji mkono mpana ili mzigo ugawanyike kwenye nyuzi nyingi. Upana wa sm 3.5 ni wa mti mzito. Hapo ndipo maelezo ya yuu na osage yanapopotosha watu: wanachukua kipimo cha mti mmoja wanakivika mti mwingine. Kule Denmark zimepatikana pinde za Holmegaard, zina kama miaka 9,000, zimechongwa kwa mti wa elmi ambao si yuu wala osage. Wachongaji wake waliifanya mikono kuwa mipana na bapa, na zilifanya kazi. Wahadza wa Tanzania wanatumia mkole na miti mingine ya porini kwao. Na hapa Katanga, Waluba walichonga hadi vitundikio vya pinde vya watawala wao. Upinde haujawahi kungoja mti wa Ulaya.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mti gani, pima uzito wa mti wenyewe kwa ujazo wake. Chonga kijiti kikavu cha sm 30, unene sm 1 kwa 1 kutoka mwanzo hadi mwisho, kisiwe na upande mnene. Weka alama kila sm 1. Kitumbukize wima kwenye chupa ndefu nyembamba iliyojaa maji, kikishikiliwa na kuta za chupa bila kubanwa. Soma haraka, kabla hakijanywa maji, ni sentimita ngapi zimezama. Zikizama 18 kati ya 30, huo ni 0.6. Kijiti kiwe kikavu kweli, kwa sababu mpera mbichi utazama wote na hautakuambia kitu.

Kisha upana wa mkono, mahali papana zaidi, uende hivi kwa upinde wa kipimo chako: chini ya 0.55, sm 5.5 hadi 6. Kati ya 0.6 na 0.7, sm 4.5 hadi 5. Kati ya 0.75 na 0.85, sm 4, kuanzia 0.9, sm 3 hadi 3.5 zinatosha.

Jambo la mwisho, na hukulisema: mgongo wa ule upinde uliupiga raboti (randa)? Mgongo ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaomtazama mpigaji. Mgongo unavutwa, tumbo linabanwa. Uzi wa mti ukikatwa juu ya mgongo, ncha yake huinuka pale upinde unapokunjwa, na ufa huanzia hapo. Wazungu hufuata mviringo mmoja wa mwaka kutoka ncha hadi ncha. Miti yetu mingi miviringo yake haisomeki vizuri, kwa hiyo mgongo wa hakika ni ule uso ulio chini ya gome. Toa gome, toa ngozi laini iliyo chini yake, halafu usiuguse tena kwa chuma.

---

Mwana_Miombo

Naongeza upande wa kukausha, kwa sababu mpera wako unaharibika wakati tunaandika.

Leo hii paka ncha zote mbili rangi ya mafuta nzito, mara mbili, na upande sm 5 kwenye gome. Maji hutoka haraka sana kwenye ncha kuliko ubavuni. Ncha ikitangulia kukauka husinyaa wakati katikati bado pamevimba, na nyufa huingia sm 10 au 15. Kwenye kipande cha sm 90 huna cha kupoteza.

Pasua kwa kabari, si kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi, msumeno hufuata mkono wa mtu. Anza kwenye ncha nyembamba, tumia kabari mbili za chuma au za mti mgumu zikipokezana. Shina la sm 11 litakupa nusu mbili, na hizo ndizo mikono miwili ya upinde mmoja: zimetoka pamoja, zina uzito mmoja. Usichanganye nusu ya mpera huu na ya mpera mwingine.

Gome la wiki mbili kipindi hiki cha kiangazi linaweza kuwa limeshika. Usilikwangue kwa panga. Mwagia maji ya moto sehemu fupi fupi, kisha libandue kwa kipande cha mwanzi au mpini wa kijiko. Ukishamaliza, paka mgongo wote vanishi siku hiyo hiyo. Mgongo ulio wazi bila gome na bila vanishi hupasuka nyufa ndogo kama nywele ndani ya siku mbili.

Baada ya hapo punguza upande wa tumbo hadi unene wa sm 3 na upana wa sm 5, ila ncha itakayokuwa mshikio iache zaidi ya sm 4. Kipande chembamba hukauka kwa wiki, gogo zima hukauka kwa miezi. Funga kila nusu juu ya ubao mnene ulionyooka kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, sehemu nne, ili isijipinde. Weka ndani ya nyumba, kivulini, hewa ikipita. Si juu ya mabati, si karibu na mbabula kwa wiki mbili za mwanzo.

Mti hufuata unyevu wa hewa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huufikisha mti kwenye asilimia 9 hivi, na hicho ndicho kipimo kizuri cha upinde. Hewa ya asilimia 30 huushusha hadi 6, hapo unakuwa mkavu mno na kukatika ni rahisi. Hewa ya asilimia 80 huupandisha hadi 16, hapo upinde haukatiki lakini unabaki umejikunja hata ukishafunguliwa upote. Lubumbashi inapita pande zote mbili ndani ya mwaka mmoja: mwezi wa nane na wa tisa hewa inakausha hadi midomo inapasuka, mwezi wa kwanza hata chumvi inalowa. Ukimaliza kukausha mwezi wa tisa, toa vipande kwenye upepo, viweke chumbani penye watu wanaolala. Pumzi na mvuke wa nyumba vinasaidia.

Namna ya kujua kimekauka: pima kwa mizani ya jikoni kila Jumapili, andika namba kwenye kipande chenyewe. Uzito usiposhuka kwa wiki mbili mfululizo, tayari. Ukitaka namba kamili, kata kipande kidogo upande wa tumbo, kipime, kiweke kwenye sufuria yenye mchanga juu ya moto mdogo wa makala kikauke bila kugeuka rangi, pima tena hadi uzito usibadilike. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 112 zikishuka hadi 100, huo ni unyevu wa asilimia 12: ngoja kidogo.

---

Ruashi_Mbao

Yaya, nimefanya kipimo cha chupa kwa vijiti vilivyokaushwa juu ya mchanga. Kwa kila sm 30: mpera umezama 23.5, mulombwa 19, mkaliptusi wa nje 20.5, mkaliptusi wa katikati ya nguzo 15. Kipande cha mpera kilikuwa gramu 61 kikawa 44.

Ndiyo, mgongo wa jakaranda niliupiga raboti.

Mpera ni sm 90 na upinde unahitaji zaidi ya sm 160. Nifanyeje?

---

Fundi_Katuba

Hesabu yako inasema mpera ni 0.78 na una unyevu wa asilimia 39. Ni mti mzuri kabisa, una nyuzi ngumu zilizoshikana. Watoto wanaochonga manati wanaujua, ndiyo maana wanatafuta pacha za mpera kabla ya mti mwingine. Usianze kuchonga upinde hadi unyevu ufike asilimia 10.

Urefu usikutishe. Mpera hautoi shina refu, lakini unaunganishwa katikati ya mshikio, pahali pasipokunjika. Kiungo kinaitwa mkia wa samaki: nusu moja ina ulimi wenye umbo la V, nyingine ina pengo la V. Chora urefu wa sm 10, kata kwa msumeno wa meno madogo, nje kidogo ya mstari, kisha lainisha kwa tupa hadi viingiliane bila mwanga kupita. Ukishikilia kiungo mbele ya dirisha na bado unaona mwanga, rudia. Gundi haijazi pengo, inashika mti kwa mti. Kwa hapa tumia gundi ya sehemu mbili (epoksi), si kole nyeupe (gundi nyeupe ya mbao). Kabla ya kupaka, futa nyuso zote kwa kitambaa kisafi na usizishike tena kwa vidole. Funga kwa mpira wa baiskeli, nyosha kamba kutoka ncha hadi ncha ili uhakikishe mikono miwili iko kwenye mstari mmoja, acha saa 24. Nusu mbili za sm 88 zikishika mkia wa sm 10 zinakupa sm 166. Inatosha: mvuto wako mara mbili ni 132, na upinde wa mti mmoja unataka kuzidi hapo kwa robo hivi.

Vipimo vya kuanzia kwa mpera huo: mshikio urefu sm 10, upana sm 3, kina sm 4. Kila upande mabega ya sm 5 yanayoshuka taratibu kutoka mshikio hadi mkono. Usikate bega kwa ghafla, kwa sababu mzigo wote hukusanyika kwenye kona na pinde nyingi hufia hapo. Mikono: upana sm 4 hadi nusu ya mkono, halafu inakonda kwa mstari mnyoofu hadi sm 1.2 kwenye ncha. Unene uanze mm 17 baada ya bega na mm 13 karibu na ncha. Hiyo ni minene kwa makusudi, utaishia karibu mm 13 na mm 10.

Sasa kazi yenyewe, kulinganisha mikono. Kumbuka kanuni moja: upana ukiwa maradufu, ukaidi (ugumu wa kukunjika) unakuwa maradufu, unene ukiwa maradufu, ukaidi unakuwa mara nane. Ukitoa asilimia 10 ya unene, umetoa asilimia 27 ya nguvu. Kwenye mkono wa mm 12 hiyo ni mm 1.2, mipito michache tu ya raboti. Ndiyo maana raboti inawekwa chini mapema, na kazi inaisha kwa kukwangua na kioo kilichovunjika au ubapa wa msumeno uliokatwa.

Hatua ya kwanza, simamisha ncha sakafuni, sukuma mshikio, tazama mkono unavyokunjwa. Ukikunjika kidogo pande zote, weka upote mrefu unaoning'inia, pandisha upinde kwenye ubao wa kuvutia: nguzo ukutani, kitundu cha kukalisha mshikio juu, chini kapi ya kupitishia kamba ili uvute ukiwa mbali na utazame. Kati ya upote na kamba ning'iniza mizani ya ndoano kama ya wauza nyama. Usivute hata mara moja kupita kilo 16, hata kama upinde umefika sm 20 tu. Uzito unakaa pale pale, urefu wa mvuto ndio unaoongezeka kadiri unavyokwangua. Aliyevuta kilo 22 "kuona tu" ameshaponda nyuzi za tumbo na hazirudi.

Kila ukikwangua, vuta mara 25 kwa mvuto mfupi kabla ya kutazama tena. Mti haukuambii ulichofanya hadi ufanye kazi. Penye kukunjika sana pawekee alama ya X kwa penseli na usipaguse. Kwangua kushoto na kulia kwake. Pasipokunjika kabisa ndipo pa kukwangua. Ili kuona vizuri, chukua kijiti kinyoofu cha sm 15 kilichotobolewa katikati na kupachikwa penseli, kipitishe juu ya tumbo upinde ukiwa umevutwa kidogo. Penseli ikigusa, hapo mti umenyooka. Ikiacha nafasi, umekunjika. Nafasi iwe ile ile kutoka bega hadi karibu na ncha, isipokuwa sm 15 za mwisho ziwe ngumu kidogo.

Mikono ikilingana, funga upote mfupi kwanza, sm 8 kati ya upote na mshikio. Rekebisha. Kisha sm 15 za mwisho. Mkono wa chini uwe mgumu kidogo kuliko wa juu: pima kutoka upote hadi tumbo pale penye bega, chini iwe pungufu kwa mm 3 hadi 5.

Ukifungua upote mara ya kwanza baada ya mvuto mrefu, laza upinde kwenye meza nyoofu upime ulivyobaki umejikunja. Sm 2 hadi 3 ni kawaida. Ikipita sm 5, mti ulikuwa na maji au mkono ni mwembamba wa upana. Kukwangua zaidi hakutaponya.

Vifundo: kifundo kidogo kilicho hai kikiwa katikati ya mkono, acha upana uongezeke mm 3 kila upande kukizunguka, na nyuzi za mgongo zipite pembeni yake bila kukatwa. Kifundo ukingoni mwa mkono, au kilichokufa na kulegea, kiache kiangukie nje ya upinde au tafuta kipande kingine.

---

Kampemba_Randa

Nakubaliana na mzee Fundi kwa mpera. Kwa mulombwa na mkaliptusi naona ni vizuri kusema zaidi, maana Ruashi anahitaji pinde tatu na mpera unatoa mmoja.

Mulombwa ni mti mtulivu: husinyaa kidogo, haujipindi ovyo, ndiyo maana maseremala wanaupenda. Kasoro yake kwa upinde ni nyuzi zinazopishana, safu moja inaelekea kulia, nyingine kushoto. Utaiona kwenye ubao: ukipiga raboti, mistari mingine inakuwa laini na mingine inang'oka manyoya. Ubao kama huo ukiachwa peke yake, mgongo utainua uzi. Unahitaji kuvalishwa mgongo wa mwanzi.

Chukua mwanzi uliokomaa, miaka mitatu au zaidi. Mchanga bado una maganda kwenye vifundo na rangi ya kijani ya kung'aa. Uliokomaa una madoa ya ukungu mkavu na ukigongwa unatoa sauti kavu. Shina la mwanzi liwe pana iwezekanavyo, ili kipande kisiwe na mviringo mkubwa. Pasua utepe wa sm 5, punguza upande wa ndani hadi uwe bapa kabisa na unene wa mm 3 katikati, kingo zinabaki nyembamba zaidi. Ngozi ya nje isiguswe kwa kitu chochote, ndiko nguvu ilipo. Vifundo pia uviache vimeinuka kidogo. Usizidishe mm 3. Mwanzi una nguvu ya kuvutwa kuliko mulombwa ulivyo na nguvu ya kubanwa. Mgongo ukiwa mnene, tumbo litapondeka na kutoa mikunjo midogo inayopita mkono wa upinde upande kwa upande. Ukiona mstari kama huo tumboni, upinde umekwisha, hakuna gundi ya kuurudisha.

Mulombwa wako ni 0.63. Upana sm 4.8, urefu sm 168, tumbo mm 12 kabla ya kulinganisha. Kwa unene huo ubao wa sm 2.5 unaupasua katikati, na pia unapata kipande cha kuinulia mshikio. Gundi tena ya sehemu mbili, mipira ya baiskeli kila sm 4. Kwenye kugundisha, weka vipande vya sm 2 chini ya ncha ili upinde ushike umbo la kurudi nyuma (ncha zikielekea shabaha). Baadaye utaupoteza nusu, na ni sawa.

Vumbi la mulombwa huwasha pua na ngozi. Funga kitambaa, kata nje. Nawasihi pia msifuate mukula, ingawa ni ndugu yake na wengine watawauzia. Huo mti ulikatwa kupita kiasi kwenye miaka ya 2010 kwa ajili ya kusafirishwa China, na hukua polepole. Kuna miti mingi ya kutosha viwanjani na kwa wachoma makala.

Mkaliptusi sasa. Tofauti ya 0.68 nje na 0.5 ndani ni ya mti mchanga: kiini chake ni dhaifu. Tumia ganda la nje tu, mgongo chini ya gome, na hakikisha tumbo halifiki kwenye kiini. Nguzo ya sm 9 inaweza kutoa vipande viwili. Shida ni mbili. Kwanza nyuzi zinazojizungusha: pasua sm 30 za ncha kwa kabari uone. Mpasuko ukizunguka zaidi ya robo ya duara kwa mita 1.7, tafuta nguzo nyingine. Pili, mkaliptusi una mvutano ndani; ukipasua, nusu mbili huruka kila moja upande wake. Hiyo si hitilafu, nusu inayojikunja kuelekea gome inakupa umbo zuri la kurudi nyuma. Lakini ukifunga kwenye ubao uinyooshe kwa nguvu wakati inakauka, itapasuka.

---

Fundi_Katuba

Kampemba, kwa mkaliptusi mimi ningemzuia. Sikatai kwamba unatoa upinde. Nasema vijana wa miaka 14 hawapaswi kushika upinde wa mti ambao kila nguzo ina tabia yake. Kama unatumika, uvalishwe mgongo wa ngozi mbichi ya mbuzi, iliyokwanguliwa manyoya, nyembamba kama ya ngoma ndogo. Haiongezi nguvu, ila inashikilia vipande visiruke usoni.

---

Kampemba_Randa

Hapo sina ubishi, mzee. Ngozi iwepo, na upinde wa mkaliptusi uvutwe na mtu mzima mara mia moja kwenye ubao wa kuvutia kabla ya mtoto kuushika.

---

Ruashi_Mbao

Nimeelewa: upinde wa kwanza wa mpera, wa pili wa mulombwa na mwanzi. Wa tatu, badala ya mkaliptusi, kuna mkole kwenye kichuguu kikubwa upande wa barabara ya Kasenga, fimbo ya sm 5, imenyooka mita 2. Inafaa? Na upote wa nini?

---

Mwana_Miombo

Mkole unafaa sana, mara nyingi unaota pembeni ya vichuguu hivyo hivyo. Omba ruhusa ya mwenye shamba, kata fimbo moja, acha shina liote tena, huchipua vizuri. Fimbo ya sm 5 usiipasue nusu kwa nusu, chonga tumbo upande mmoja tu, uache mgongo wa mviringo. Mkono utakuwa mwembamba wa upana kuliko ubao, kwa hiyo ongeza urefu hadi sm 175 na uache hata mshikio ukunjike kidogo. Fimbo ikiwa na mkunjo wa asili, upande wa ndani wa mkunjo uwe mgongo, ili ncha zielekee shabaha.

Upote: tumia uzi wa poliesta, si nailoni. Nailoni huvutika, mshale unapoteza nguvu na upinde unapigwa vibaya. Kujua uzi unabeba kiasi gani, ning'iniza jerikani tupu kwenye uzi mmoja na ujaze maji polepole, lita kwa lita, hadi ukatike; lita moja ni kilo moja. Upote mzima ubebe mara tano ya uzito wa upinde, yaani kilo 80. Uzi unaokatika kwa kilo 5 unahitaji nyuzi 16. Sokota makundi mawili ya nane nane, kila kundi kulia, kisha yapishanishe kushoto. Paka nta ya nyuki hadi vidole vinate. Urefu wa upote uliofungwa uwe pungufu ya upinde kwa sm 8 hivi, halafu sokota zaidi au legeza hadi ufike sm 15 pale mshikioni.

Na waambie vijana mapema: upote hauachiwi bila mshale. Nguvu ambayo mshale ungeibeba inarudi kwenye mikono ya upinde, na hata mpera mzuri utapasuka. Chora mstari mwekundu kwenye kila mshale, sm 66 kutoka pengo la upote. Mstari huo ukifika mgongoni mwa upinde, mvuto umekwisha. Mazoezi yakiisha, upote unafunguliwa na upinde unalazwa juu ya misumari miwili ukutani, mbali na dirisha la jua.